Pikapu Iliyotetemeka Mteremkoni

Hadi kasi ya sitini pikapu ile ilikuwa na adabu zake. Inspekta aliushika usukani kwa vidole tu, kama mtu aliyeazimwa chombo cha watu. Lilikuwa gari la zamani, la kiti kimoja kirefu, taa ya kulia imepasuka na bampa limebonyea, lakini injini yake iliitika vizuri. Katikati alibanwa fundi wa gereji, na dirishani alikaa koplo, mwanamke wa mwili uliojaa na maneno yasiyokauka.

"Ni tairi tu, mkubwa," alisema fundi. "Mimi nikiliona gari linavyotembea, nimeshajua linaumwa wapi."

Watu walimwita Daktari. Alikuwa na mtindo wa kusimika bisibisi kwenye injini, akabandika sikio kwenye mpini, kisha akafumba macho kama anayesikiliza habari za msiba.

"Ngoja tufike sabini," alisema Inspekta.

Mshale ulipogusa sabini, kitu kilianza kunguruma chini ya miguu yao. Kabla ya kufika themanini kiti kikaanza kucheza. Kioo cha kutazamia nyuma kikaonyesha kila mti mara mbili, meno ya Daktari yakagongana, na koplo akaukumbatia mlango.

"Afande, mimi nina watoto!"

"Tazameni usukani," alisema Inspekta.

Wakatazama. Gari zima lilikuwa linatetemeka kama mgonjwa wa homa, lakini usukani ulikuwa umetulia mikononi mwake. Kisha akaitoa gia. Injini ikashusha sauti, ikabaki inahema tu, na pikapu ikaendelea kuteremka kwa mbio zake. Mtetemeko haukupungua hata chembe.

"Injini imelala," alisema Inspekta, "na kiti bado kinacheza. Kwa hiyo injini haina kesi."

Akapunguza mwendo. Chini ya sabini utulivu ulirudi ghafla, kana kwamba hapakuwa na lolote. Koplo alijipangusa jasho kwa mkono wa shati.

"Sasa namwelewa," alisema. "Mimi ningeruka dirishani."

Aliyekuwa akieleweka ni dereva wa pikapu hiyo, ambaye wakati ule alikuwa mahabusu. Siku mbili kabla alikuwa akiteremka barabara hiyohiyo na shehena ya magodoro. Chini ya mteremko gari likaacha lami, likaparamia kibanda cha mshona nguo. Mama mshonaji alivunjika mguu akiwa kwenye cherehani yake, na sasa alikuwa amelazwa hospitalini. Mashahidi wawili walisema dereva alinuka kileo. Kipimo cha ulevi cha kituo kilikuwa kibovu, kwa hiyo hakupimwa. Watu wote wa mtaani walijua kwamba enzi za ujana wake alikuwa mtu wa chupa, na hilo likawatosha.

Yeye mwenyewe alikuwa na maneno machache: "Gari lilianza kutetemeka. Nilidhani tairi linachomoka, nikataka kulitoa barabarani nisiue mtu." Askari wa zamu aliyaandika huku akicheka. Jalada lilitakiwa kwenda mahakamani kesho yake asubuhi. Kwa mguu wa mama wa watu na harufu ya pombe, kifungo kilikuwa kinamsubiri.

Inspekta hakucheka. Ndiyo maana alikuwa barabarani.

*

Gereji, Daktari alishikilia ya kwake.

"Tairi, mkubwa. Likikosa kubalansiwa ndiyo tabia yake hiyo. Polepole halisemi, ukikimbiza linalalamika."

"Tairi la mbele likiwa na kasoro, nani hulalamika kwanza?"

"Usukani," alisema Daktari, akajikuna kidevu. "Basi ni la nyuma."

"Sawa. Ya nyuma yalete mbele, ya mbele yapeleke nyuma. Kama ugonjwa uko kwenye matairi, utahama nayo, nami nitausikia mikononi."

Daktari hakuwa mvivu. Alipandisha gari kwa jeki, akafungua nati kwa mguu juu ya spana, akayabadilisha yote. Wakarudi barabarani. Safari hii koplo alisema atabaki kulinda gereji. Mshale ulipopita sabini kiti kikacheza kama mwanzo. Usukani haukusema neno.

Daktari alikung'uta vumbi la matairi viganjani. "Basi siyo tairi," alisema. "Nimelisingizia."

"Tumeliachia huru," alisema Inspekta. "Ndiyo kazi yetu."

Waliliingiza gari juu ya shimo. Daktari alishuka na taa ya waya, Inspekta akamfuata akiwa amekunja suruali, na koplo akachungulia kutoka juu. Daktari alianzia kwenye gia boksi, akaelekea nyuma kwenye difu, kati ya magurudumu. Alishika krosi, vile viungo vya propela, moja baada ya nyingine, akazizungusha kushoto na kulia. Hazikuwa zimelegea. Akatikisa beringi ya kati, nayo ilikuwa imara.

"Wazima wote," alisema. "Lakini mwenye gari hili ana vituko. Nani anapaka rangi propela?"

Inspekta alisogeza taa. Lile bomba refu la chuma, linalotoka gia boksi kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma, kwa kawaida huwa na tope na kutu. Hili lilikuwa jeusi la kung'aa. Aliona pua yake mwenyewe ndani yake.

"Limepambwa kama bibi harusi," alisema koplo kule juu. Kisha akanusa. "Afande, mbona hapo shimoni pananuka? Kama spiriti."

"Tina," alisema Daktari. "Ya kuchanganyia rangi. Rangi mbichi hii, bado inatoa harufu."

Inspekta alisimama wima, akakaribia kugonga kichwa. Alipanda juu, akafungua mlango wa pikapu, akaingiza kichwa na kunusa dashibodi, kisha kiti. Harufu ilikuwa ileile, ingawa hafifu.

"Koplo, wale mashahidi wawili walimsogelea dereva akiwa wapi?"

"Ndani ya gari, afande. Walimvuta kwa mlango."

"Gari limefungwa vioo, jua kali." Alirudi shimoni. "Daktari, izungushe hiyo propela polepole. Nataka kuishika yote."

Daktari alizungusha, na Inspekta akapitisha kiganja. Palikuwa laini kama sahani. Aliuchukua ufunguo wake, akaanza kukwangua rangi kidogokidogo kuizunguka propela. Karibu na ncha ya nyuma, chini ya rangi, chuma kilikuwa cheupe. Palikuwa na madoa mawili ya kuchomelea, yamesuguliwa yakawa bapa.

Daktari aliyaona, akapiga mluzi.

"Hapa palikuwa na kibati! Kibati cha uzani. Kiwandani wanaizungusha propela, wakiona upande mmoja mwepesi wanauchomelea kibati ili ikae sawa. Huyu amekibandua."

"Bila kibati?"

"Polepole hujui. Ikikimbia, upande mzito unaivuta huku na huku. Itautikisa mwili wote wa gari, na wewe uliyeketi utaamini nyuma kunang'oka."

"Unaweza kunithibitishia? Maneno yako nayaamini, lakini hakimu hajakaa kwenye kile kiti."

Daktari alifikiri, akatoka shimoni, akarudi na zile klipu za kubana mpira wa maji wa rejeta. Alifunga moja kuizunguka propela, kichwa cha skrubu kimekaa juu ya yale madoa. Wakaenda barabarani, mtetemeko ukapungua. Akaongeza ya pili. Pikapu ikapita themanini ikiwa inanguruma kidogo tu, kama mzee anayesinzia. Akazihamishia skrubu upande wa pili, na fujo yote ikarudi, tena na nyongeza.

"Basi, basi, rudisha!" alisema Inspekta. "Nimeamini mpaka figo."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na dirisha la nondo lililotazama ukuta. Nje, kwenye benchi la korido, mke wa dereva alikuwa ameketi na chupa ya chai mapajani. Inspekta alipompita alimsikia akimwambia koplo, kwa sauti iliyochoka: "Dada yangu, hajagusa tone tangu tuoane. Ningejua. Mimi ndiye ninayelala naye."

Dereva aliletwa. Alikuwa mwembamba, mikono yake mikubwa kuliko mwili.

"Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Gari lako linatetemeka," alisema Inspekta.

Dereva aliinua uso. "Umeliendesha?"

"Mpaka themanini. Koplo anaulalamikia mgongo wake mpaka sasa."

"Mgongo na nyonga," alisema koplo kutoka mlangoni.

Dereva alipumua kwa nguvu, karibu acheke. "Kwa hiyo sikusema uongo."

"Hukusema. Sasa nijibu lingine. Nani aliipaka rangi propela?"

Ule uso uliokuwa umefunguka ukajifunga. "Mimi."

"Lini?"

"Siku moja kabla ya ajali."

"Kwa brashi?"

"Ndiyo, brashi. Hizi za kawaida."

"Ile rangi imepulizwa, bwana. Haina mstari hata mmoja."

Dereva alitazama mikono yake.

"Mimi nimezoea watu wanaonidanganya ili watoke," alisema Inspekta. "Wewe unanidanganya ili ubaki. Unamkinga nani?"

"Simkingi mtu. Andika nilikimbiza gari. Nitakubali mahakamani."

"Ukikubali unafungwa."

"Nitafungwa."

Koplo hakuweza kuvumilia. "Na mkeo yule pale nje? Au naye utamwambia akubali?"

"Hatakosa pa kuegemea. Ana baba yake." Dereva alilisema haraka, kisha akauma midomo, macho yakakimbilia dirishani ambako hapakuwa na cha kutazama.

Inspekta alisimama, akatoka hadi kwenye benchi.

"Mama, samahani. Baba yako anafanya kazi gani?"

Mke wa dereva alishangaa. "Fundi rangi wa magari. Wanamwita Mzee Kioo. Pikapu yenyewe ilikuwa yake, ametupa sisi juzijuzi. Kwa nini, afande?"

"Kunywa chai yako, mama," alisema Inspekta. "Mumeo hakuwa amelewa. Hilo nakwambia mimi."

*

Uwanja wa Mzee Kioo ulikuwa umemwagiwa maji ili vumbi lisipande. Milango ya magari ilining'inia kwenye waya kama nguo. Mzee mwenyewe, kofia kichwani, alikuwa ameinama juu ya boneti, anasugua kwa msasa wa maji. Kila baada ya muda aliacha msasa, akafumba macho, akapitisha ncha za vidole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa habari za yule mlevi?"

"Nimekuja kwa habari za pikapu. Nasikia ilikuwa yako."

"Ilikuwa." Mzee aliendelea kusugua. "Nimeiendesha mpaka macho yakanikatalia. Miaka yote hiyo yule bwana ananiita baba mkwe, mimi namjibu kwa kupitia binti. Nilimwona ni mtu wa mtindi. Juzijuzi nikasema, ametulia, tusiwe na roho ngumu, nimpe kitu. Kesho yake tu amelewa na kumvunja mama wa watu mguu. Mimi ndiye niliyempa funguo!"

"Uliitoa kama ilivyokuwa?"

Mzee aliacha kusugua. Swali lilikuwa limemgusa pabaya. "Kama ilivyokuwa? Mimi nimpe mwanangu gari lenye kutu? Niliivua yote. Ndani nikaifuta kwa tina, viti, dashibodi, kila mahali. Chini nikaingia mwenyewe. Wenzangu chini hawagusi, wanasema nani atachungulia. Mimi nitachungulia!"

"Nimeiona propela."

"Umeiona?" Uso wa mzee ulichangamka kwa mara ya kwanza. "Umeona ilivyotulia? Ilikuwa aibu ile. Fundi mchafu mmoja alikuwa amechomelea kipande cha bati ubavuni, sijui alikuwa anaziba nini. Mimi siwezi kupuliza rangi juu ya donge. Mkono wenyewe unakataa. Nikalibandua kwa patasi, nikasugua mpaka ukipitisha kidole hujui pa kuanzia."

Koplo, aliyekuwa nyuma, aligeuka akaitazama milango kwenye waya.

"Uliijaribu baada ya hapo?" aliuliza Inspekta kwa upole.

"Nikaijaribu. Mpaka kwenye kona ile na kurudi. Mimi ni mtu wa hamsini, sipiti hapo. Ilikwenda kama maji."

"Mzee, kaa kidogo."

"Nina kazi."

"Kaa, mzee wangu."

Mzee alikalia ndoo iliyopinduliwa. Inspekta alichuchumaa mbele yake ili wasitazamane kwa juu na chini, akamweleza. Hakuharakisha. Alimwambia lile donge lilifanya kazi gani, na bila lile donge hutokea nini ukishavuka sabini. Akamweleza na harufu ambayo mashahidi waliisikia ndani ya gari. Mzee alisikiliza, msasa bado mkononi, maji yake yakidondokea kiatu.

"Kwa hiyo hakunywa," alisema mwishowe.

"Hakunywa."

"Anajua ni mimi?"

"Gari halikuwa na neno mpaka lilipotoka kwako. Nadhani alijua tangu pale mteremkoni."

"Na amesemaje?"

"Amesema aliipaka rangi yeye. Kwa brashi."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kwa brashi! Huyo hata ukuta hawezi." Aliinuka, akaenda bombani, akanawa mikono. Alinawa muda mrefu kuliko rangi ilivyohitaji. Kisha akachukua shati lake msumarini, akalivaa juu ya fulana ya kazi, akakosea vifungo, akavirudia.

"Nipelekeni," alisema.

*

Ofisini kwa Inspekta, Mzee Kioo alitoa maelezo yake akiwa amesimama, ingawa kiti kilikuwepo. Alieleza patasi, msasa na tina. Koplo aliandika, na alipofika mwisho akamsomea, naye akasahihisha neno moja: koplo alikuwa ameandika "kwa bahati mbaya".

"Toa hiyo. Bahati haikuwepo pale. Niliona donge nikalitoa."

"Afande?" Koplo alimtazama Inspekta.

"Andika anavyosema."

Dereva aliletwa kutoka mahabusu, mkewe nyuma yake. Alipomwona mzee alisimama mlangoni kama aliyepigwa breki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alimjibu mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, na binti yake akaweka mkono mdomoni. "Ulijua?"

Dereva alimtazama mkewe.

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilihisi, baba."

"Ukahisi, ukanyamaza, ukaitwa mlevi mchana kweupe. Mke wako anashinda kwenye benchi la polisi. Ungefungwa. Kwa nini?"

"Ulishinda chini ya gari siku nzima kwa ajili yangu," alisema dereva, kwa sauti ndogo. "Ningeanzaje kukwambia?"

Mzee Kioo aliivua kofia yake. Aliitazama sakafu ya kituo, akaitazama dari, na vyote viwili havikumsaidia.

"Wewe ni mjinga," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Mjinga mkubwa."

"Baba," alisema binti yake, analia na kucheka, "tumekusikia."

"Bado hamjanisikia. Yule mama mwenye mguu yuko hospitali gani? Twendeni sasa hivi. Anadhani amevunjwa na mlevi, na mtaa mzima unadhani hivyo. Wewe ukifika nyamaza. Nitasema mimi." Alimgeukia Inspekta, mgongo umenyooka. "Kama ni kunifunga, mnifunge nikirudi. Sitakimbia, miguu yenyewe mnaiona."

"Nenda, mzee," alisema Inspekta.

Walitoka. Kupitia dirisha walionekana wakikatiza uwanja, mzee katikati, anaongea na kunyoosha kidole, dereva anaitikia kwa kichwa huku amepunguza hatua zake zilingane na za mzee.

Koplo alilivuta jalada, akageuza ukurasa ambao askari wa zamu alikuwa ameujaza, akaupiga mstari. Akachukua karatasi mpya.

"Chanzo cha ajali, afande?"

"Propela kukosa uzani. Dereva hakuwa amelewa. Ambatisha maelezo ya fundi na majaribio yote, hata lile lililokuumiza mgongo."

Koplo aliandika. Kalamu ikasimama.

"Na huyu mzee? Nimwandike nani?"

Inspekta alikuwa bado dirishani.

"Shahidi," alisema.

"Na mshtakiwa?"

"Pale acha wazi, Koplo. Halafu funga jalada."